Kupewa Mtoto: Historia ya Maneno ya Mahakamani Juu ya Watoto wa Wazazi Waliotengana

Miaka michache kabla ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote nchini, tuliletewa nyumbani kwetu Goba karatasi ya kurasa mbili. Aliyeileta alikuwa mama wa makamo, jirani yetu, ambaye binti yake alikuwa ametengana na mumewe na kurudi kwao na watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa miaka mitano. Hukumu yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa kawaida ya mahakama za wilaya wakati huo, na mtu fulani mwenye nia njema alikuwa amefasiri ile sehemu ya mwisho yenye amri. Tafsiri yake ilikuwa sentensi mbili tu: "Uangalizi wa watoto amepewa mama. Baba atakuwa na haki ya kuwafikia watoto kwa nyakati zinazofaa."

Baba aliisoma sentensi ya pili akafanya kama ilivyosema: akawafikia. Alifika saa tatu usiku, siku ya kazi, watoto wamekwisha lala, akagonga geti mpaka majirani wakatoka. Bibi wa watoto naye aliisoma sentensi ya kwanza akaudhika zaidi kuliko alivyoudhiwa na kelele za geti. "Mwalimu," alituambia, "yaani mwanangu amefanywa mwangalizi wa watoto wa watu? Nyumba ya wageni ina mwangalizi, shamba lina mwangalizi. Hawa ni wanawe." Tangu usiku ule geti lilifungwa. Mjumbe wa shina alikuja kusuluhisha akashindwa, na kwa miezi mitatu watoto wale hawakumwona baba yao, ambaye hakuwa amepanga mbali.

Wote watatu, mama, baba na bibi, husoma na kuandika Kiswahili bila taabu, na hakuna aliyekosa kujua lugha. Walichokosa ni neno lenye maana moja. Katika makala haya tunakusudia kueleza maneno hayo yalitoka wapi, yalibadilikaje, na kwa nini tunaona kwamba kazi ya kutafuta istilahi moja ya Kiswahili ya kuwekwa mahali pa neno la Kiingereza "custody" imetupeleka kombo.

Wale wanaoijua Goba ya zamani wataikumbuka kama nchi ya mikorosho na mihogo, pembezoni mwa Wilaya ya Kinondoni. Leo imo katika Wilaya ya Ubungo, iliyoundwa katikati ya miaka ya 2010, na mashamba yamekwisha katwa viwanja. Walionunua viwanja hivyo wametoka kila pembe ya nchi. Kwa hiyo si ajabu kukuta ndani ya ua mmoja mume wa Kihaya na mke wa Kizaramo, na kila mmoja, linapotokea la kutokea, anazo desturi zake juu ya swali hili: mtoto ni wa nani?

Tunasema "ni wa nani" kwa makusudi, kwa kuwa ndilo swali la kwanza ambalo lugha zetu zilikuwa na maneno ya kulijibu. Kwa Wazaramo wa asili, kama kwa Waluguru na Wakwere, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kwa Wahaya, Wachaga na Wasukuma ukoo ni wa baba, na mahari yaliyotolewa yalihesabiwa kuwa ndiyo yaliyowaweka watoto upande wa baba. Pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja ambalo wafasiri wa sheria hulisahau mara kwa mara: kuwa na mtoto na kukaa na mtoto ni mambo mawili. Mtoto wa ukoo wa baba angeweza kulelewa kwa bibi mzaa mama hadi aote meno ya pili, na hakuna aliyedai kwamba amebadili ukoo. Lugha ilikuwa na kitenzi kwa kila jambo: kuzaa, kulea, kutunza, kukaa naye, kumsimamia.

Pwani yalikuwepo pia maneno ya dini. Msomaji ataikumbuka methali isemayo "kitanda hakizai haramu", ambayo watu wengi huitumia kwa mzaha, ilhali asili yake ni kanuni ya fikihi kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa. Hilo ni jibu la swali la nasaba. Kwa swali la malezi makadhi walikuwa na neno jingine kabisa, hadhana, yaani kumlea mtoto mchanga kifuani na mapajani, na kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa mwambao, hadhana ni ya mama kwanza. Mtoto afikapo umri wa kupambanua mambo, ambao hukadiriwa kuwa miaka saba, huulizwa anataka kukaa na nani. Neno la tatu ni walii, mwenye kusimamia mambo ya mtoto, hasa mali na ndoa, naye kwa kawaida ni wa upande wa baba. La nne linahusu gharama. Kwa Kiarabu gharama za kumlisha na kumvisha mtoto au mke huitwa kwa neno ambalo kwetu limekuwa nafaka. Waswahili wakalichukua neno la masurufu ya nyumba wakalifanya jina la mahindi, mtama na mpunga, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa masurufu yenyewe. (Na ulezi, neno litakalotusumbua hapo mbele, nao ni jina la nafaka. Hatuna la kulisema juu ya sadfa hiyo ila kwamba mfasiri aliyechoka anaweza kuandika sentensi nzima juu ya watoto na kumbe ameandika juu ya uji.)

Basi kwa mkabala huu kadhi wa Bagamoyo alikuwa na maneno manne ya mambo manne. Mzee wa ukoo wa Uzaramo alikuwa nayo yake, hali kadhalika mzee wa Kihaya. Hakuna kati yao aliyekuwa na neno moja la kuyabeba yote.

Baada ya uhuru Serikali ilitaka kuzipatanisha mila. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, lililojengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi ya Hans Cory, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amekusanya mila za Wahaya, Wasukuma na wengineo, lilihusu makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kanuni yake juu ya jambo letu ni fupi: watoto waliozaliwa ndani ya ndoa ni wa baba. Hapa tunapaswa kusimama kidogo. Mzee aliyemweleza Cory jambo hilo bila shaka alikuwa akijibu swali la ukoo. Lakini kanuni ilipokwisha chapwa katika Gazeti la Serikali na kusomwa na hakimu mbele ya mke na mume waliotengana, ilijibu pia swali la nani aondoke na mtoto jioni ile. "Wa baba" ikawa "kwa baba". Herufi moja tu, na ni katika herufi hiyo ambapo akina mama wengi walirudi kwao mikono mitupu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuja kulirekebisha jambo hilo. Mapendekezo yake, yaliyotolewa na Serikali mwaka 1969, yalijadiliwa nchi nzima kwa Kiswahili, kwenye mikutano ya hadhara na magazetini, na joto la mjadala ule halijasahauliwa. Ila sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, na katika Kiingereza hicho maneno mawili yametusumbua hadi leo.

La kwanza ni lile ambalo sheria hiyo inamwitia mtoto. Katika Kiingereza cha kawaida neno lile ni la mtoto mchanga, wa kunyonya. Katika Kiingereza cha wanasheria wa kale ni kila mtu ambaye hajafikia umri wa utu uzima, na Sheria ya Ndoa inafafanua kwamba ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Tumepata kuona tafsiri, nyingine zimepigwa chapa vizuri, zinazosema "mtoto mchanga" kila linapotokea neno hilo. Kwa tafsiri hiyo mvulana wa miaka 15 mwenye sauti nzito hana ulinzi wowote katika kifungu cha 125, na sharti la kwamba mahakama izingatie matakwa ya mtoto mwenye umri wa kutoa maoni yake linakuwa kichekesho, kwani mchanga gani atoaye maoni? "Mtoto" peke yake lingetosha, nasi hatuoni sababu ya kuliongezea kitu.

La pili ndilo "custody". Asili yake ni neno la Kilatini la kulinda, na katika Kiingereza hilo hilo hutumika kwa mtoto aliye kwa mama yake na kwa mshitakiwa aliye mahabusu. Chini ya kifungu cha 125 mahakama yaweza kumweka mtoto kwa baba, au kwa mama, au kukiwa na sababu zisizo za kawaida kwa ndugu mwingine au kwa chama chenye madhumuni ya ustawi wa watoto. Jambo la kwanza kabisa la kuangaliwa ni ustawi wa mtoto, kisha ndiyo matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto na mila za jamii yao. Mila, zilizokuwa mbele mwaka 1963, mwaka 1971 zikawekwa nyuma. Na sheria ikaweka dhana, inayoweza kukanushwa kwa ushahidi, kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake.

Miaka saba tena. Tumeikuta kwa makadhi wa Shafii, sasa tunaikuta katika sheria ya Bunge la Tanzania, na mtafiti akienda Uingereza ataikuta huko nako: mwaka 1839, kufuatia juhudi za mwandishi Caroline Norton ambaye mumewe alimnyima wanawe watatu, Bunge la nchi hiyo kwa mara ya kwanza lilimruhusu mama kuomba mahakamani akae na watoto wake walio chini ya miaka saba. Kabla ya hapo watoto wa ndoa ya Kiingereza walikuwa wa baba bila mjadala, sawasawa na watoto wa tangazo letu la 1963. Hatudai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Tunaloweza kusema ni kwamba mtoto huota meno mapya katika umri uleule kila mahali.

Ndipo ikaja kazi ya wafasiri. Profesa A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria kilichofunguliwa Mtaa wa Lumumba mwaka 1961, aliandika katika miaka hiyo ya 1960 juu ya ugumu wa kuifanya sheria iseme Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na likaanza kutoa istilahi. Lakini jambo letu halikusubiri vikao. Kuanzia Mahakama za Mwanzo, ambako Kiswahili ndicho kilichozungumzwa, hadi kwenye Mabaraza ya Usuluhishi ya Ndoa ambayo sheria ya 1971 iliagiza yawepo katika kila kata, makarani na mahakimu walihitaji neno siku ileile, nao wakalichukua lililokuwa karibu. Hivyo ndivyo tulivyopata uangalizi, hifadhi, ulezi, malezi, na hata himaya, kwa jambo moja.

Kila moja lina mzigo wake. Uangalizi ni neno la kazi ya kuajiriwa au kutumwa: mwangalizi wa uchaguzi, mwangalizi wa jengo, na hospitalini chumba cha uangalizi maalumu. Bibi wa Goba hakukosea kuudhika. Hifadhi ni neno zuri, lenye heshima ya Kurani iliyohifadhiwa kifuani, lakini limekwisha chukuliwa na mbuga za wanyama na mifuko ya pensheni, na zaidi ya hayo linahitajika kwa mtoto aliyeokolewa kutoka katika hatari. Mtoto wa wazazi waliotengana kwa kawaida hajaokolewa kutoka kwa mtu yeyote. Ulezi ni neno sahihi kwa mtu asiye mzazi aliyepewa kazi ya mzazi, kama mlezi wa yatima, na kwa sababu hiyo haliwezi kumfaa mzazi mwenyewe. Himaya ni la wafalme.

Lakini juu ya maneno haya yote, ya sanifu na yasiyo sanifu, limetawala neno moja la barazani ambalo halimo katika orodha yoyote ya istilahi: kupewa. "Mama amepewa watoto." "Baba kapewa mkubwa, mama kapewa mdogo." Na kweli kifungu cha 125 kilisema kwamba mahakama hailazimiki kuwaweka watoto wote kwa mzazi mmoja. Mahakama zetu za madai zina istilahi ya aliyeshinda shauri, naye huitwa mshinda tuzo, na utekelezaji wa alichoshinda huitwa kukazia hukumu. Istilahi hizi ni nzuri sana kwa deni la mifuko ya saruji. Lakini zikitumika katika jalada la ndoa, na katika jalada hilo tuzo lina jina, lina miaka mitano na limeanza shule ya awali, basi lugha imekwisha kuwafundisha wadaawa namna ya kuuona ugomvi wao kabla hakimu hajasema neno. Mmoja ameshinda mtoto. Mwingine amenyang'anywa mtoto. Tumemsikia kwa masikio yetu baba mmoja akiulizwa kwa nini haleti matunzo, akajibu: "Aliyepewa atunze."

Jibu lake halina msingi wowote katika sheria, kwani wajibu wa baba kuwatunza watoto wake, wawe kwake au kwa mtu mwingine, umo wazi katika sheria ya 1971. Lakini lina msingi katika sarufi. Kitu ulichokipa hukigharamii tena. Na tusisahau jinsi mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alivyofanyiwa: kwa sheria ya mwaka 1949, ambayo haikufutwa mpaka 2009, matunzo yake hayakuweza kuzidi shilingi 100 kwa mwezi, kiasi ambacho miaka ya mwisho ya sheria hiyo hakikununua hata soda.

Sasa yafaa tuangalie nje kidogo, maana huko kuna funzo ambalo wafasiri wetu hawajalitilia maanani. Wakati sisi tunahangaika kutafuta neno la Kiswahili la "custody", wenye neno wamekwisha litupa. Uingereza, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, iliondoa neno hilo na mwenzake la "access" katika mashauri ya wazazi waliotengana, ikaweka amri za makazi na amri za mawasiliano. Mwaka 2014 hata hayo yakaondolewa, ikawekwa amri ya mipango ya mtoto, kwa sababu iligundulika kwamba wazazi waliendelea kuhesabu mwenye makazi kuwa mshindi na mwenye mawasiliano kuwa mshindwa. Ujerumani ilikuwa na neno la mamlaka ya wazazi, lenye harufu ya nguvu na amri, na kuanzia mwaka 1980 ikaweka mahali pake neno la kujali na kutunza. Jirani zetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya 2010, kifungu cha 53, kwamba wajibu wa baba na mama kwa mtoto ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Kwa hiyo tunafasiri neno lililokufa kwao. Na kinachochoma zaidi ni kwamba waliloliendea, yaani kutenganisha makazi, malezi, maamuzi na gharama, ndilo tulilokuwa nalo sisi kabla ya kuanza kufasiri.

Bunge letu lenyewe lilikwisha sogea upande huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyokuja miaka 18 baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, imehifadhi maneno ya zamani ya Kiingereza, lakini katika kifungu cha 26 imefanya jambo ambalo watu wa lugha wanapaswa kulitazama kwa makini. Inapozungumzia watoto ambao wazazi wao wametengana au wametalikiana, haisemi baba ana haki ya kumwona mtoto. Inasema mtoto ana haki: ya matunzo na elimu, ya kuishi na mzazi ambaye kwa maoni ya mahakama anaweza kumlea, na ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye kila anapotaka, isipokuwa mpango huo uwe unavuruga masomo yake. Katika kifungu cha 39 sheria hiyo inataka pia izingatiwe faida ya kutowatenganisha ndugu, jambo ambalo mwaka 1971 lilikuwa limeachwa wazi.

Mtenda amebadilika. Katika tafsiri ile ya Goba, "kuwafikia", watoto wamo katika kiambishi cha mtendwa, hawana wanachofanya ila kufikiwa. Katika kifungu cha 26 mtoto ndiye mwenye kitenzi: anaishi, anatembelea, anakaa. Na lile neno jingine linalotumika sana mahakamani, "haki ya kumwona mtoto", halikosi ila lake. Kwa Kiswahili cha kila siku huenda kumwona mgonjwa, huenda kumwona mfungwa, na mahali pote pawili pana saa maalumu na mtu mlangoni. Mzazi anayeambiwa ana haki ya kuona anaelewa kwamba amekuwa mgeni. Wengi wao, baada ya mwaka mmoja wa kukaa kwenye ukingo wa kiti sebuleni kwa watu, huacha kwenda.

Tulipokuwa tukiyatafakari haya mwenzetu mmoja, mwanasheria, alitupinga kwa hoja ambayo ni ya haki kuieleza. Alisema mtunga sheria anahitaji neno moja. Ukimpa matano, wakili atafungua milango mitano, na mwenye shida atapotea kati yake. Tulikubaliana naye nusu. Panahitajika jina la amri yenyewe, la kuandikwa juu ya jalada, na kwa hilo tunaona amri ya malezi lafaa kuliko yote, kwa sababu malezi hayagawanyiki kwa kupewa: anayekaa na mtoto analea, na anayekuja Jumamosi akamfundisha kuendesha baiskeli naye analea. Lakini ndani ya amri hiyo hakimu aseme mambo moja moja kwa majina yake. Makazi: mtoto atalala wapi siku za shule. Maamuzi: nani atachagua shule na dini, na nani aulizwe kabla mtoto hajatolewa nje ya nchi, mambo ambayo sheria ya 1971 katika kifungu cha 126 tayari inaruhusu yawekewe masharti. Matunzo: kiasi gani, tarehe gani, kwa njia gani. Na siku za mtoto na mzazi wa pili. Uangalizi tuwaachie maofisa wa ustawi wa jamii wanapotakiwa kuitembelea nyumba, hifadhi tuwaachie watoto walio hatarini, na ulezi tuwaachie walezi wasio wazazi.

Hilo la nne halijapata jina, na tunakiri kwamba limetushinda. Wengine wamependekeza zamu. Neno hili ni la Kiswahili fasaha na linaeleweka mara moja, lakini lina kumbukumbu mbaya: ni la walinzi wa usiku, na ni la wake wenza wanaogawana mume. Mtoto asije akahesabu kwamba yeye ndiye anayegawanwa. Ziara ni fupi mno na ina heshima ya kiserikali. Watoto wenyewe, tuliowasikia, husema tu "siku za baba".

Tangu mwaka 2021 mambo haya si ya vitabuni tena. Mwaka huohuo Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke kilifunguliwa kwa ajili ya mashauri ya familia na mirathi ya jiji, Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu mahali pamoja. Mtu wa Goba anayekwenda huko avuka jiji zima, kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini, na nauli ya kwenda na kurudi si kitu cha kudharau. Atakachorudi nacho ni karatasi. Kwa kuwa sasa karatasi hiyo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, hakuna tena mfasiri wa kulaumiwa baadaye. Neno atakaloliandika hakimu ndilo litakalosomwa getini.

Tuirudie ile karatasi ya jirani. Hatukuwa na mamlaka ya kubadili amri ya mahakama, na tulimwambia hivyo. Tulichofanya ni kuandika pembeni, kwa penseli, jinsi tulivyodhani hakimu alikusudia: "Watoto watakaa kwa mama yao. Watakwenda kwa baba yao na kulala huko kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi Jumapili saa kumi na moja jioni. Baba atachangia matunzo kila mwisho wa mwezi." Siku na saa tulizibuni sisi, ili zionyeshe tu mahali palipokuwa pamekosekana kitu, tukawashauri baba na mama warudi mahakamani pamoja waombe amri ifafanuliwe. Walirudi. Siku walizopangiwa hazikuwa zile zetu, na saa ya kurudisha watoto ikawa saa kumi badala ya kumi na moja, jambo ambalo baba analilalamikia hadi leo. Lakini geti hufunguliwa, na bibi, aliyekuwa ameshika penseli yetu muda wote tukiandika, aliuliza jambo moja tu: kwa nini haya hayakuandikwa hivi tangu siku ya kwanza.

Tutashukuru kupata kutoka kwa wasomaji maneno yanayotumika kwao, Tanga, Pemba, Lamu, Ujiji au kwingineko, kwa zile siku ambazo mtoto hukaa na mzazi asiyeishi naye. Tunayaomba pamoja na sentensi ambamo neno limesikika, na msemaji awe mtoto ikiwezekana.